Katekista Aliyelambisha Watoto Majani

Katekista wetu alikuwa na baiskeli, lakini sikumbuki kumwona akiipanda hata siku moja. Aliikokota kando yake kutoka nyumbani hadi kanisani, na kutoka kanisani hadi kwa wagonjwa, kama mtu anayemvuta mbuzi asiyependa kwenda. Mume wangu, aliyefanya kazi kwenye karakana ya reli na kujua thamani ya gurudumu, alimuuliza sababu.

"Muntu juu ya kinga hasikie benye kumusalimia," alijibu; kinga ndiyo baiskeli kwa Kiswahili cha kule.

Mume wangu akamwambia basi aiuze, kuna wengi wanaoihitaji. Katekista alikasirika kweli.

"Na siku mugonjwa ananiita haraka, nitaenda na nini?"

Siku hiyo ilifika, maana fundi mmoja wa mtaani alizidiwa ghafla na watu wakaja kumwita mbio. Tulimwona Katekista akikimbia barabarani, shati limelowa jasho, na baiskeli ikikimbia kando yake.

Tuliishi ukuta kwa ukuta naye katika sité ya Elisabethville, ule mtaa wa Waafrika, miaka ya vita vya Wazungu na kidogo baadaye. Mimi nilikuwa mwanamke kijana, nimetoka kaskazini kwa treni na binti yangu Selina mgongoni, kumfuata mume wangu kazini. Katekista tulimkuta pale. Wakubwa kwa wadogo walimwita hivyohivyo, Katekista, hata mke wake. Na mke wake sisi tulimwita Mama Katekista, ijapokuwa hawakujaliwa mtoto.

Kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza alikuwa mkali. Kengele ikilia alifunga mlango kwa komeo. Aliyechelewa abaki nje, ajifunze kwa wale wanawali waliosahau mafuta. Lakini dirisha la nyuma halikufungwa kamwe, na chini yake palikuwa na matofali yaliyopangwa kama ngazi. Waliochelewa walipanda, wakaingia kwa dirisha, wakakaa chini kimya, na yeye wakati huo alikuwa amegeukia ubao mpaka wa mwisho awe ameketi. Nilipomuuliza nani aliyepanga yale matofali, alinitazama kama niliyeuliza jambo la aibu.

"Matofali gani?"

Watoto wake walifanya kila kitu kwa laini, mmoja nyuma ya mwingine. Waliingia kwa laini, walitoka kwa laini, walinawa mikono kwa laini. Alisema mtoto aliyepangwa laini anaonekana mmoja mmoja, lakini waliorundikana huwaoni, unasikia kelele tu. Naye aliwaona kweli. Alijua nani hakula asubuhi, nani baba yake alipigwa na kapita, msimamizi wake, kazini, nani amevaa kaptula ya kaka yake. Hakusema neno juu ya hayo. Utashangaa tu mtoto anatumwa nyumbani kwa Katekista "kuleta chaki" na anarudi akijipangusa mdomo.

Kuimba hakujua. Sauti yake ilikuwa kama msumeno kwenye mti mbichi, lakini ndiye aliyewasahihisha wanakwaya, na kwa Kilatini. Walimvumilia kwa sababu ya mambo yake mengine. Hospitali, kwa mfano. Damu ilimshinda. Mara moja aliiona akaanguka mlangoni mwa wodi akapasuka paji la uso, akashonwa yeye kabla ya aliyekuja kumwangalia. Bado alikwenda. Mume wangu alipochomwa na mvuke wa bolera ya treni, ngozi ya kifua na mkono ikambanduka, Katekista alikuja kila siku. Alikaa kando ya kitanda, macho ameyakaza kwenye dari, akimshika mume wangu mkono ule mzima na kumsimulia habari zote za mtaa. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba ile dari ndiyo iliyomponya: kila alipotaka kulia kwa maumivu alimwona mtu mzima anaongea na dari, akacheka.

Kitu kimoja kilimshinda kuliko damu, nacho ni utamu. Miaka ile sukari ilikuwa adimu, na chai chungu aliinywa amekunja uso kama anayemeza dawa ya minyoo. Mama Katekista alikuwa hodari wa kutengeneza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho siku ya kwanza ni kitamu na hata mtoto anapewa. Katekista alihubiri dhidi ya pombe karibu kila Jumapili. Ila mtungi wa munkoyo ukikaa siku kadhaa, ukaanza kutoa povu na kuuma ulimi, yeye aliendelea kujaza kikombe.

"Iko tamu tu," alisema, na jioni hiyo tulimsikia ukutani akiimba zaidi kuliko kawaida.

Baadhi yetu, familia za Kikatoliki za kaskazini alikotoka yeye pia, walimsema kwa ajili ya yule mke. Walisema, mtu amekuja na rozari mkononi, mabinti wa kwao wamejaa, anakwenda kuoa mwenyeji wa pori! Mama Katekista alikuwa wa wale waliokuwa na mashamba yao hapa kabla ya mgodi na kabla ya reli. Kwenye misa alichelewa kufika na akawahi kutoka. Alijua kila mzizi na kila uyoga, na aliongea bila kuzungushazungusha maneno. Wale wawili walibishana kutwa, kwa sauti, juu ya vitu visivyo na maana, chumvi, kamba ya nguo, jina la mtu waliyemwona barabarani. Mwanzoni nilidhani wanagombana. Baadaye nikaelewa ni raha yao.

Sasa nieleze habari ya majani, maana ndiyo iliyomtoa kwetu.

Siku moja aliwafundisha watoto habari za wana wa Israeli jangwani, jinsi mana ilivyoshuka wakaiokota asubuhi. Selina wangu akanyoosha mkono akauliza mana ilikuwa na ladha gani. Katekista akajibu ilikuwa kama mkate wenye asali. Mtoto mwingine akauliza asali ina ladha gani. Ikaonekana wengi hawajawahi kuilamba. Lile swali lilimkaa. Nilimsikia akimwambia mke wake ukutani, "Nafundisha batoto utamu na maneno tu. Ni sawa kufundisha kipofu rangi."

Ilikuwa majira ya joto, kabla ya mvua ya kwanza. Karibu na mji miti ilikuwa imekondeshwa na moshi wa mgodi, kwa hiyo kutafuta kuni na mizizi ya munkoyo tulikwenda mpaka upande wa Naviundu, ng'ambo ya mto, ambako pori lilikuwa bado pori. Jumamosi moja tulikwenda watatu, Mama Katekista, mimi, na Katekista akikokota baiskeli ya kubebea kuni. Miti ilikuwa imeota majani mapya, mekundu kama shaba. Kwenye miti kadhaa majani yalikuwa yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na chini ya mengine kulikuwa na matone yaliyokauka yakawa meupe kama chumvi ya mawe. Nyuki walikuwa wengi, sisimizi wanapanda na kushuka shina. Mama Katekista alivunja tawi, akalamba jani, akanipa na mimi. Ilikuwa sukari. Kwanza sukari, halafu nyuma yake ukakasi wa jani.

Katekista alilamba, akavua kofia yake.

"Ni nini hii?"

"Ni mukojo ya badudu," alisema mke wake. Akageuza jani akamwonyesha vidudu vidogo vimejibanza kwenye kikonyo, huwezi kuviona usipoonyeshwa. "Beko banakunywa maji ya muti, banashiba, banakojoa. Siye batoto tulikuwa tunalambaka kila mwaka. Mvua ikinyesha, basi, inaisha."

Katekista alicheka mpaka akashika mti. Kisha akaacha kucheka, akatoa panga, akaanza kukata matawi.

"Unapeleka wapi?"

"Ku katekisimu. Batoto bajue mana ilikuwa namna gani."

"Utabaambia mana ilikuwa mukojo?"

"Mungu alisema itashuka. Hakusema itapita wapi."

Kuni tulibeba kichwani siku ile, kwa sababu baiskeli ilijaa majani.

Jumatatu mchana aliwatoa watoto uani, kando ya kanisa, akawapanga laini kama kawaida yake. Mtoto alifika mbele, akatoa ulimi, Katekista akamlambisha jani, akapita, akaja mwingine. Selina alikuwa wa kwanza. Aliporudi nyumbani hakutaka kunywa maji, asije akaosha ulimi. Wanakwaya walikuwa wanatoka mazoezini, wakapita pale, wakaona ile laini na zile ndimi. Hawakuuliza kitu. Kufikia Jumatano sité nzima ilikuwa inasema Katekista anagawa komunyo ya majani.

Mtu wa leo atacheka. Wakati ule haikuwa kichekesho. Serikali ilikuwa inaogopa dini za kujificha, zile za watu kukusanyika porini na kubatizana wenyewe, na waliopatikana humo walipandishwa treni wakapelekwa mbali, kwa watu wasiojua hata lugha yao. Tulimjua mmoja kutoka mtaa wa pili. Mke wake alibaki na watoto, na hakupata habari yake tena. Kwa hiyo Ijumaa, askari alipokuja kutuita wazazi, mimi na mume wangu hatukula chakula cha mchana.

Katika chumba cha misheni Padri alikaa nyuma ya meza. Kando yake alikaa Mzungu wa serikali ambaye hakuvua kofia. Katekista alisimama karibu na ukuta, koti lake la kaki limefungwa vifungo vyote, na mke wake alikaa sakafuni mlangoni. Padri alikuwa mtu wa haki, sitasema vinginevyo. Alitaka kujua. Alianza na mimi, kwa kuwa binti yangu alikuwa wa kwanza kwenye laini.

"Mama, alipompa mtoto jani alisema maneno gani?"

"Mon père, Selina anasema alimuambia: usitafune, lamba tu. Tena alimupiga kidogo ku kichwa, sababu alitaka kulamba mara ya pili."

Padri alijishika ndevu, nadhani alificha kicheko. Akamtafsiria yule Mzungu kwa Kifaransa. Mzungu hakucheka. Aliuliza kitu, na Padri akanigeukia tena.

"Wewe ni jirani yake. Kwa unavyomjua, alitaka kufanya komunyo yake mwenyewe?"

Nilisimama. Nilimwona mume wangu na kovu lake, nikaiona ile dari ya hospitali.

"Hapana, mon père. Miye nilikuwa naye kule Naviundu. Alitaka batoto bajue utamu, njo ile tu. Mu roho yake hamukuwa kintu ingine. Naweza kula kiapo."

Padri akasogeza msalaba wa mezani, nikaweka mkono juu yake, nikaapa. Wazazi wengine walisema kama mimi. Mzungu wa serikali aliongea na Padri kwa muda, kisha akaondoka, na sote tukapumua. Shauri lilibaki la kanisa.

Padri alisema Katekista hana hatia, ila maneno yamesambaa na lazima yafe. Jumapili baada ya misa, asimame mbele ya watu wote, awaambie kile kitu si kitakatifu, ni uchafu wa wadudu. Basi. Mama Katekista alifurahi.

"Sema tu," alimwambia njiani. "Ni ile nilikuambia tangu mwanzo."

Yeye hakubishana naye, na hilo lilinishangaza.

Jumapili ile watu walijaa mbele ya mlango wa kanisa, hata wale ambao misa yenyewe walisikilizia nje. Katekista alipanda ngazi akasimama kando ya Padri.

"Bandugu," alisema, "ile kintu batoto balilamba, ni mukojo ya badudu."

Watu walicheka kwa kishindo. Selina alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Padri alitikisa kichwa kukubali, na mimi nikasema moyoni, limekwisha. Tulikuwa tumeanza kugeuka kwenda zetu.

"Na ilikuwa tamu," Katekista akasema. Sauti haikupanda. "Muntu asiseme haikuwa tamu."

Kicheko kilikatika. Padri alimtazama, akamtazama tena, halafu akaingia kanisani.

Hawakumfukuza kwa kelele. Siku chache baadaye alikuja katekista mwingine, kijana, na nyumba ilikuwa ya misheni. Mama Katekista alikuwa na ndugu upande wa barabara ya Kasenga, wakaamua kwenda huko. Walipanda lori la samaki lililokuwa linarudi tupu. Nusu ya sité ilikuja kuaga, wakiwemo wanakwaya, na mmoja wao alilia. Nilimuuliza Katekista kwa nini aliongeza yale maneno, wakati alikuwa ameshaokoka. Alisema aliagizwa kusema kweli, na ile nayo ilikuwa kweli. Selina alipokea komunyo yake ya kwanza mwaka ule ule kwa yule katekista mpya, ambaye alikuwa na sauti nzuri na hakuwa na dirisha.

Miaka ikapita. Selina alijifunza kushona, akaolewa, akazaa. Padri aliugua akarudishwa kwao Ulaya. Na mimi, mume wangu alipopunguziwa kazi kwa ajili ya ule mkono, nikaanza biashara ya samaki wakavu. Nilipanda malori mpaka Kasenga na kurudi. Safari moja tairi lilipasuka tulipofika Kasomeno, asubuhi, jua limeanza kuwa kali. Dereva alisema tushuke, kazi itachukua muda. Nilikuwa natafuta kivuli niliposikia mwanamke ananiita.

"Weye! Muke wa reli!"

Alikuwa Mama Katekista, amekaa mbele ya nyumba kando ya barabara, anamenya mihogo. Alikuwa hajabadilika sana. Mumewe alitoka ndani, na huyo alikuwa amekonda, nywele zote nyeupe. Koti hakuwa nalo, alivaa singileti. Alinishika mikono yote miwili. Alimuulizia mume wangu kwa jina, akaulizia kovu, akauliza Selina ana watoto wangapi na wanaitwa nani. Tulikula bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Nikampa habari za sité, waliokufa na waliozaliwa, na nikafika kwa Padri.

"Watu mpaka leo wanasema alikuonea," nilimwambia.

"Hapana. Padri alikuwa na haki."

Nilidhani anasema kwa unyenyekevu wa kizee. Nikamwambia tulikuwepo wote, tuliona, hakufanya kosa lolote. Alingoja nimalize.

"Mama Selina, sikiliza. Ile siku nilianza vizuri. Mutoto wa kwanza, wa pili, nilikuwa nabaonyesha tu mana. Kisha balianza kufunga macho. Hakuna mwenye alibaambia bafunge. Banakuja, banafunga macho, banatoa ndimi. Na miye maneno ya padri ya Kilatini, ya kugawa komunyo, ninayajua yote. Ikaanza kutoka."

"Selina alisema hukusema kitu."

"Kwa kinywa, hapana. Mu roho nilisema. Kwa kila mutoto, mpaka wa mwisho."

Nilitazama chini. Mama Katekista hakuinua kichwa, kisu chake kiliendelea na mhogo.

"Juu ya ile njo nilikuwa nasema kila siku ni mukojo," alisema. "Nilimuona uso wake kule ku Naviundu, wakati anakata matawi."

"Ulitaka kuwa padri?" nilimuuliza mumewe.

"Nilitaka kujua iko namna gani."

"Na ilikuwa namna gani?"

Alifikiri. Barabarani vijana walikuwa wanapiga tairi kwa nyundo, na dereva anawatukana.

"Ilikuwa muzuri," alisema. "Njo maana naogopa mpaka leo."

Nikamwambia mimi niliapa kwa ajili yake, mkono juu ya msalaba. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka.

"Najua. Weye uliapa ile ulijua, haukusema bongo, haukudanganya. Mwenye alinyamaza ni miye."

"Umeungama?"

"Kwa padri anapitaka hapa. Mutoto mudogo, ametoka Ulaya juzijuzi. Alinipa sala kidogo tu." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nafikiri Kiswahili yake haikutosha."

Dereva akapiga honi. Mama Katekista alinifungia mihogo kwenye majani ya ndizi, na Katekista alinisindikiza mpaka kwenye lori. Hakuniomba nitunze siri. Aliniomba nimsalimie mume wangu na Selina, na majirani wengine mmoja mmoja, na kila jina alilonitajia alilirudia mara ya pili ili nisisahau.

Nilikaa juu ya magunia nikiwa nimekasirika. Nilikumbuka mkono wangu juu ya ule msalaba na yeye amesimama pale ukutani, amefunga vifungo vyote, anajua. Baadaye, sijui tulikuwa tumefika wapi, nikawaza wale watoto wamefunga macho wenyewe, na hasira ikapungua. Haikuisha. Ilipungua.

Mume wangu alinipokea mlangoni, akapokea magunia kwa mkono wake mzima. Nilimwambia nimemwona Katekista. Alifurahi sana, akaita majirani, akauliza amesema nini. Nikawaambia amezeeka, mke wake mzima, wanalima mihogo kando ya barabara, na anawasalimia wote kwa majina. Yote hayo yalikuwa kweli.